Usilizamishe Jua Ziwani: Mwongozo wa Kuchora Starehe ya Majini Bukoba na Muleba

Mwaka 1881 mchoraji wa Kifaransa Pierre-Auguste Renoir alimaliza picha ya kundi la marafiki waliokaa mezani kisiwani Chatou, kando ya mto Seine, baada ya kupiga makasia. Baadhi ya wanaume wamevaa singlendi na kofia za majani makavu. Mezani kuna mvinyo na matunda. Msichana mmoja anamchezea mbwa wake mdogo, na nyuma yao, kati ya majani, mto unaonekana na mashua zake. Hakuna hata mmoja anayefanya kazi. Picha hiyo leo iko Washington, na kila anayeitazama anaelewa kwamba watu wa Seine walikuwa na Jumapili.

Miaka hiyohiyo ziwa letu nalo lilikuwa linachorwa. Vitabu vya wasafiri vilijaa mitumbwi, visiwa na mawimbi ya Victoria Nyanza. Lakini Jumapili haimo. Mara nyingi mgeni ndiye aliyetulia, na mwenyeji ndiye anayepiga kasia au aliyeshika mkuki. Mtu wa Bukoba anayetaka kutundika sebuleni picha ya watu wake wakijipumzisha ziwani atazunguka soko zima bila kuipata. Kwa hiyo tutaichora wenyewe.

Mwongozo huu unamfaa yeyote anayeshika brashi: mwanafunzi wa sekondari, mchora mabango, mpamba kuta za migahawa, hata mstaafu mwenye muda. Vifaa visikutishe. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa hadibodi na rangi ya kung'aa ya makopo, na jina lake likaenea duniani. Ukiwa na hadibodi, makopo matano ya rangi na uvumilivu, fuata hatua hizi, wala usiruke hata moja.

Hatua ya kwanza: Jua lishike njia yake

Kosa linaloongoza katika kalenda zetu ni kulizamisha jua ziwani. Bukoba iko ukingo wa magharibi wa ziwa Victoria. Jua letu linatoka majini asubuhi, linapita juu ya paa, na jioni linaingia migombani nyuma ya vilima. Ukichora mji wa Bukoba na jua jekundu likizama kwenye maji, umechora Musoma. Musoma ni mji mzuri, ila una wachoraji wake.

Basi chagua moja kati ya mawili. Ukitaka jua majini, amka saa kumi na moja alfajiri uteremke ufukweni kabla halijachomoza. Ukitaka jioni, geuza akili: jua liko mgongoni mwako, maji yamekuwa ya buluu iliyoiva, na mwanga wote umekwenda kuangukia miamba ya kisiwa cha Musira kilicho mbele ya mji. Wakati huo Musira unang'aa kuliko kitu chochote kilicho ufukweni. Kivuli cha mtu aliyesimama mchangani kinanyooka kuelekea majini, hakirudi nchi kavu. Mtoto wa Bukoba akiona kivuli kimeelekea kwingine atajua kwamba hukuwahi kufika.

Hatua ya pili: Kagua picha za zamani, uliza nani ameketi

Kabla ya kuchora mpya, tazama za zamani. Kwa kila picha jiulize mambo matatu: nani ameketi, nani anafanya kazi, na nani ametajwa kwa jina. Majibu yake yatakufunza kuliko kitabu cha rangi.

Anza na Muleba. Mwaka 1874, kwa ajili ya safari ya mpelelezi Henry Morton Stanley, mashua iitwayo Lady Alice ilitengenezwa Teddington, kwenye mto Thames, na James Messenger. Huyu alikuwa fundi wa mashua, tena aliyewahi kuwa bingwa wa mbio za makasia Uingereza. Mashua ilikuwa ya mbao za mwerezi, urefu wa futi 40, upana wa futi 6, ikikatika vipande vitano ili ibebwe na wapagazi. Ilizaliwa kwenye mto wa starehe, mikononi mwa mtu wa michezo ya majini. Mwaka huohuo kule Argenteuil, kando ya Seine, mchoraji Édouard Manet alikuwa anamchora rafiki yake Monet akifanya kazi kwa utulivu ndani ya mashua.

Tarehe 28 Aprili 1875 Lady Alice ilifika kisiwa cha Bumbire, leo katika wilaya ya Muleba. Wenyeji waliivuta hadi nchi kavu na kuyachukua makasia. Stanley na watu wake walifanikiwa kuisukuma tena majini, wakakimbia kwa kupigia maji mbao walizozing'oa ndani ya mashua. Agosti alirudi na kikosi kikubwa cha mitumbwi, akawafyatulia risasi watu waliokuwa ufukweni, huku yeye akibaki majini. Habari zilipofika Uingereza, wapo waliomlaani. Kitabu chake kilitoka mwaka 1878, na mchoro wa Bumbire uliomo unaonyesha mashua iliyozungukwa na umati wenye mikuki.

Huo ndio uso wa Muleba ambao wasomaji wa Ulaya walipewa. Mwenyeji aliyekuwa analinda bandari yake dhidi ya mgeni mwenye bunduki akachorwa kama hatari ya ziwa. Kwa hiyo agizo la hatua hii ni moja: chora Bumbire ambako hakuna anayefukuzwa. Chora watoto wa kisiwa wanaoruka kutoka kwenye jiwe, mzee anayecheza bao kivulini, kina mama wanaosukana huku miguu yao imo majini. Picha hiyo kisiwa kinaidai tangu mwaka 1878.

Hatua ya tatu: Chora mbio za Bweranyange

Ukikwama kupata mada, historia ya mkoa wetu wa Kagera imekuwekea moja tayari. Mwishoni mwa mwaka 1861 wasafiri wa Uingereza John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika Karagwe kwa mfalme Rumanyika. Karibu na makao yake ya Bweranyange palikuwa na ziwa dogo lililomkumbusha Grant ziwa Windermere la kwao Uingereza, wakaliita Windermere Ndogo. Huko kwao, Windermere lilikuwa ziwa la matembezi ya mashua.

Mapema mwaka 1876 Stanley naye alifika kwa Rumanyika, akaiunga Lady Alice na kuiteremsha kwenye ziwa lilelile. Mfalme, ambaye sasa alikuwa mzee, akaja ziwani amependeza, pamoja na wanawe na watu wake. Mitumbwi ya Karagwe ikashindanishwa na mashua ya Teddington, umati ukishangilia. Mwendo wao haukupishana sana, na mfalme alifurahi.

Fikiria uzito wa jambo hili. Mashua iliyomwaga damu Bumbire mwaka 1875 ilishiriki mashindano ya furaha Karagwe mwaka uliofuata, na wenyeji hawakuachwa nyuma. Mbio za mashua Kagera zina umri mkubwa kuliko picha ya Renoir. Hii ndiyo picha ya kuchora kwenye ukuta mkubwa wa shule: vilima, maji membamba, mitumbwi mirefu imejaa vijana wanaovuta kwa pamoja, Lady Alice pembeni yao, na mfalme mzee anayecheka. Usimweke Stanley katikati. Mwenye sherehe ni Rumanyika.

Hatua ya nne: Mpe mpiga kasia mkao wake

Hapa ndipo wanaonakili hunaswa. Katika picha za Ulaya, mpiga makasia hukaa ameupa mgongo upande anakokwenda, kwa sababu makasia yake marefu yamefungwa kwenye mbavu za mashua naye huyavuta kuelekea kifuani. Kwetu, mtu mwenye kafi fupi ya mkononi hukaa ameelekea anakokwenda, akichota maji ubavuni na kuyasukuma nyuma. Mchoraji anayeuhamisha mkao wa Seine na kuubandika bandarini Kemondo humlazimisha mvuvi kwenda kinyumenyume mpaka Mwanza.

Halafu sogelea mtumbwi wenyewe uutazame kwa karibu. Kwenye maungio ya mbao kuna vipande vya bati vilivyopigiliwa misumari midogo, na ndani ya nyufa kuna pamba iliyoshindiliwa kuzuia maji. Rangi ya ubavuni imepakwa juu ya rangi nyingine, na pale ilipobanduka unaona ya mwaka juzi chini yake. Jina limeandikwa kwa mkono wa mtu aliyekuwa na haraka. Sakafuni limelala dumu la njano lililokatwa nusu, la kukumbia maji. Usilisahau dumu hilo. Mtumbwi usio na kitu cha kukumbia maji ni wa kwenye kadi za posta tu, na mvuvi akiutazama ataogopa kuupanda.

Hatua ya tano: Mpumzishe mvuvi kwa kalenda ya mwezi

Swali gumu kuliko yote: mvuvi anapumzika lini? Ukimchora amelala mchana wa siku yoyote, utakuwa umemkosea heshima, kwa sababu usiku wa jana alikuwa kazini. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwanga wa taa huwavuta juu, na giza likiwa nene taa hufanya kazi vizuri. Mbalamwezi inapojaa, taa haina nguvu tena, na mialo ya dagaa hupoa. Nyavu hutundikwa na kushonwa, mitumbwi huvutwa mchangani, na watu hupata muda wa kukaa pamoja. Jumapili ya mvuvi wa dagaa hupangwa na mwezi.

Sasa unganisha hilo na hatua ya kwanza. Mwezi mpevu huchomoza mashariki wakati jua linazama magharibi. Maana yake, jioni ileile ambayo mvuvi hana kazi, mwezi mzima unatoka majini mbele ya Bukoba na mbele ya visiwa vya Muleba, wakati nyuma ya migomba bado kuna wekundu. Mbingu imekupa saa, mwanga na watu waliopumzika, vyote kwa mara moja. Chora hapo. Weka kundi la vijana mwaloni wameegemea mtumbwi uliopinduliwa, mmoja anapiga hadithi kwa mikono miwili, mwingine amevua shati, na redio iko juu ya ubao. Usiwape kafi. Kafi zote zilale chini mchangani, kila moja ionekane.

Hatua ya sita: Andaa meza, na tunda lipokelewe

Renoir aliweka mvinyo na zabibu. Wewe weka cha kwetu, na ukiweke kwa fahari. Sato mzima aliyekaangwa, mkia umepinda kwa moto. Ndizi zilizopikwa, bado zina mvuke. Kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo Mhaya humkaribishia mgeni kabla hajamuuliza habari za safari. Rubisi ndani ya kibuyu chenye mrija. Ukichora mwezi wa Novemba, sahani ya senene ni lazima, vinginevyo familia nzima itakuuliza imekwenda wapi.

Kuhusu waliokaa mezani, sikiliza kisa kimoja cha ziwa hilihili. Aprili 1862, Kabaka Mutesa wa Buganda alimchukua Speke kwenye matembezi ya ziwani, wake zake wakiwemo. Mke mmoja alichuma tunda akampa mumewe kwa mapenzi. Kabaka alighadhibika, akasema hajawahi kupewa kitu na mwanamke, akaamuru auawe. Speke aliingilia kati, na mwanamke akasalimika. Palikuwa na maji, mitumbwi na matunda, lakini aliyethubutu kufurahi nusura auawe.

Kwa hiyo kwenye meza yako mwanamke atoe tunda, na mkono mwingine ulipokee. Mama aliyekesha akianika dagaa aketi mbele, si pembeni akipakua. Bibi apewe kiti chenye mgongo. Anayekaanga samaki naye achorwe ameshika kipande mdomoni. Picha ambayo wengine wanakula na mmoja amesimama na sinia haijakamilika. Irudie.

Hatua ya saba: Usiifiche mvua wala hatari

Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Dhoruba nyingi huumbika juu ya ziwa usiku na kutufikia alfajiri. Wahaya wa zamani walimjua Mugasha kuwa ndiye mwenye maji na tufani, wakamheshimu. Anga lisilo na wingu hata moja ni la mahali pengine. Weka wingu zito la kijivu upande wa ziwa, liwe mbali, lakini liwepo. Watu waliopumzika huku wanalitupia jicho ndio watu wa huku.

Vilevile chora jaketi okozi. Lipake rangi ya chungwa iliyokolea, na kila aliyemo majini avae, watoto kwanza. Wapo watakaokuambia kwamba linaharibu uzuri wa picha. Waambie kuhusu tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa. Kagera hakuna tarafa ambayo haikulia. Tangu siku ile, starehe ya majini bila tahadhari haichekeshi mtu wa huku. Rangi ya chungwa juu ya maji ya buluu ni nzuri mno, na mtoto anayekua akiitazama sebuleni atajua kwamba jaketi ni sehemu ya matembezi, kama kofia na viatu.

Hatua ya nane: Itundike mahali ambapo watu wataiona

Picha ikikauka, usiifungie kabatini ukisubiri maonyesho makubwa. Wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, walijenga vibanda vyao kando ya maji na kupachika mandhari za kuchorwa, meli zikiwemo, na wasafiri wa kawaida wakasimama mbele yake kwa fahari. Mtu ambaye mfukoni alikuwa na nauli tu alitoka na picha yake akiwa msafiri wa mbali. Wazo hilo linafaa hapa. Mchoro wako wa mbio za Bweranyange unaweza kuwa ukuta wa studio mjini Bukoba, na maharusi wakapigwa picha mbele ya mitumbwi ya Rumanyika.

Na usidharau mambo ya kawaida. Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923 na kusomea sanaa Makerere, alichora mwaka 1956 wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Ni safari ambayo kila kijiji cha migomba kinaifahamu. Picha hiyo iko katika makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York. Kama pombe ya ndizi ya Kilimanjaro ilifika huko, rubisi ya ufukweni Muleba haina sababu ya kuona haya.

Mwalimu wa sanaa uliye Bukoba, wape wanafunzi wako zoezi hili muhula huu: kila mmoja achore mtu mmoja wa kwao aliyepumzika kando ya maji, aandike jina lake chini ya picha, na amkabidhi picha hiyo. Mwenye mgahawa, futa ule mnazi uliochorwa ukutani, umwite kijana wa mtaani akuchoree Musira wa jioni. Na wewe mwenye brashi, anza na mvuvi unayemfahamu. Nenda siku za mbalamwezi, muombe ruhusa, mpe kiti, kisha mchore ameketi.